Kwa nini violini ya huzuni inatutuliza

Tarehe 13 Mei 1995, pale Dublin, Ireland, kwenye shindano la nyimbo la Eurovision, Norway walipanda jukwaani na kitu ambacho kusema kweli ni vigumu kukiita wimbo. Maneno yake yote yalikuwa 24. Dada anaimba mistari michache mwanzoni, ananyamaza, alafu violini inashika usukani na muda mwingi uliobaki ni yenyewe inaongea, pamoja na filimbi na chombo flani cha nyuzi cha kule Sweden kinaitwa nyckelharpa, na mwishoni sauti ya yule dada inarudi kidogo kufunga. Ukumbuke hili ni shindano ambalo watu wanapeleka viitikio vya kuimba na kucheza nchi nzima, na bado hiki kitu cha polepole na cha majonzi kikapata pointi 148 na kushinda kati ya nchi 23. Kinaitwa Nocturne. Kundi ni Secret Garden, watu wawili tu, Rolf Løvland wa Norway ambaye ndo mtunzi na mpiga piano, na Fionnuala Sherry wa Ireland kwenye violini. Na huyo Løvland ndo yule yule aliyewapa Norway ushindi wa mwaka 1985 kwa wimbo wa kuchezeka kabisa, La det swinge, kwaiyo kuchangamsha watu alikuwa anajua, ila safari hii akaenda njia nyingine.

Mi huu muziki naupenda sana, na swali ambalo napenda tulifungue leo ni hili: inakuwaje muziki wenye majonzi kiasi hiki unamwacha mtu ametulia, anapumua vizuri, wakati ungetegemea umvunje moyo? Alafu kuna swali la pembeni ambalo lazima tulimalize kwanza, maana linachanganya watu wengi, kwamba huu muziki wa "New Age" wa okestra ni kitu gani hasa. Ukiingia YouTube unakuta mwimbaji Enya wa Ireland, mpiga kinanda Yanni, Secret Garden, sauti za mvua, muziki wa masaji na muziki wa kulalia mtoto vyote vimewekwa sehemu moja kana kwamba ni kitu kimoja.

Jina lilianzia California miaka ya 1970. Kulikuwa na vuguvugu la watu wanaotafuta njia mpya za kiroho, tafakuri, yoga, mambo ya uponyaji, na wakawa wanataka muziki wa kusindikiza hayo mambo. Steven Halpern akatoa Spectrum Suite mwaka 1975, muziki wa kinanda unaoelea tu, hauna haraka ya kufika popote, na kaseti za namna hiyo zilikuwa zinauzwa zaidi kwenye maduka ya vitabu na ya vyakula vya asili kuliko kwenye maduka ya muziki. Upande mwingine, mwaka 1976, seremala mmoja anaitwa William Ackerman akaanzisha lebo, yaani kampuni ya kutoa rekodi, ya Windham Hill kwa ajili ya gitaa lake mwenyewe, muziki wa mbao na nyuzi, hauna uhusiano na imani yoyote. Wenye maduka walikuwa na shida ya kawaida kabisa: hizi rekodi tuziweke rafu gani? Sio jazi, sio klasiki, sio pop. Wakabandika New Age, ikaisha. Mwaka 1987 Grammy wakatoa tuzo ya kwanza ya kundi hilo, akachukua mpiga kinubi wa Uswisi, Andreas Vollenweider, na 1988 jarida la Billboard likaanzisha chati yake. Kuanzia hapo karibu kila muziki wa ala uliotulia ukawa unatupiwa humo.

Ndo maana wasanii wengi waliomo humo jina lenyewe hawalitaki. Ackerman hakulipenda. Yanni amekuwa akisema muziki wake ni wa ala wa kisasa, basi. Na hapa nigusie lile swali la waumini, maana najua lipo na ni swali la haki: je, ukisikiliza hii miziki unaingia kwenye dini ya watu? Vatican wenyewe walitoa waraka mwaka 2003 kuhusu vuguvugu la New Age, na ni waraka mkali kweli dhidi ya mafundisho yake, ila walipofika kwenye muziki wakasema upo unaowavuta watu kuingia kwenye vuguvugu, lakini mwingi ni biashara au sanaa tu. Mi naona hapo walisema vizuri. Jina la rafu ya duka haliwezi kubadilisha kilichomo ndani ya nyuzi za violini.

Sasa okestra iliingiaje? Iliingia kwa milango miwili tofauti, na kutofautisha hiyo milango kunasaidia masikio sana. Mlango wa kwanza ni okestra ya watu kweli. Yanni, Mgiriki wa Kalamata, Septemba 1993 alipiga Athens kwenye ukumbi wa wazi wa mawe wa Herode Atiko, chini ya Akropoli, akiwa na Royal Philharmonic Concert Orchestra ya Uingereza, kiongozi wao akiwa Shahrdad Rohani wa Iran. Yanni hasomi noti, alijifundisha mwenyewe, chuo alisomea saikolojia, kwaiyo muziki unatoka kichwani mwake alafu lazima kuna mtu aukalishe kwenye karatasi ili okestra nzima iweze kuupiga. Mlango wa pili ni okestra ya mashine. Sikiliza Orinoco Flow ya Enya ya mwaka 1988, zile nyuzi zinazodonolewa mwanzoni, tin tin tin tin, watu wengi wanajua ni violini za watu, kumbe ni sauti iliyomo ndani ya kinanda cha Roland D-50. Na ile kwaya kubwa ni Enya mwenyewe, mtu mmoja, amerekodiwa sauti juu ya sauti mara nyingi mno mpaka ikawa ukuta wa sauti. Hakuna ubaya hapo, matokeo ni mazuri ajabu, ila ujue unasikiliza nini. Okestra ya watu ina kupumua ndani yake, upinde unageuka, mmoja anachelewa kidogo sana nyuma ya mwenzake, na hicho kichelewesho kidogo ndo kinachofanya violini 30 zisikike nene na zenye joto. Mashine inakupa ulaini usio na mkono wa mtu, na huo ulaini una uzuri wake, lakini ni uzuri wa kitu kilicho mbali.

Tuje kwenye huzuni yenyewe, hapa ndo nataka tukae.

Kama umepita kwaya, hii utaielewa haraka. Nyimbo nyingi za shangwe nyumbani kwake ni do, unaweza kuzunguka popote ila mwisho unatua do. Nyimbo za majonzi za kizungu nyingi nyumbani kwake ni la, ndo wanamuziki wanaita maina. Sasa tafuta kinanda, hata kile cha kwenye simu kinatosha. Mkono wa kushoto bonyeza la, do na mi kwa pamoja uziachie ziendelee kulia. Mkono wa kulia piga fa, juu yake. Utasikia kitu hakijakaa sawa, kwa sababu fa iko nusu hatua tu kutoka mi na mi tayari inalia hapo chini, zinagombana. Usiondoe haraka. Hesabu moja, mbili, alafu ishushe fa iende mi. Hapo hapo kuna kitu kinalegea kifuani, ni kama mtu aliyekuwa amebana pumzi ameiachia. Ukirudia mara nne tano, taratibu, ukibadilisha sauti za chini kila safari, tayari umeshatengeneza mifupa ya nusu ya miziki ya aina hii.

Waitaliano wana jina la noti ya hivo, appoggiatura, noti inayoegemea. Mwanasaikolojia wa Uingereza John Sloboda alitoa utafiti mwaka 1991, aliwauliza watu wataje sehemu hasa za muziki zinazowafanya mwili usisimke au machozi yawatoke, alafu akaenda kukagua noti zilizoandikwa sehemu hizo. Kwenye machozi, hiyo noti inayoegemea ilikuwa inajitokeza tena na tena. Na we ulieimba kwaya umeshaimba mteremko huo huo wa fa kwenda mi miaka yote bila kuufikiria, upo kwenye ile Amina ya mwisho wa nyimbo za kanisani, sauti moja inashuka fa-mi, nyingine inashuka la-sol, na kanisa zima linatulia.

Kwaiyo siri ya kwanza ni kwamba huu muziki unakuumiza kidogo alafu unakuondolea maumivu yenyewe, ndani ya sekunde mbili tatu, na unafanya hivyo dakika nne mfululizo. Huzuni yake inakuja ikiwa tayari na dawa mkononi. Na kwa sababu unarudia mtindo ule ule, sikio linajifunza haraka, baada ya mizunguko miwili unajua kabisa kwamba hiyo fa itashuka, unaisubiri, na kusubiri kwenyewe ni raha. Hili lilipimwa pia, Montreal, mwaka 2011, Valorie Salimpoor na wenzake waliangalia ubongo wa watu wakiwa wanasikiliza miziki wanayoipenda sana, wakaona dopamini, ile kemikali ya raha ya ubongo, inatoka sio tu pale utamu unapofika, inaanza kutoka kabla, sehemu nyingine ya ubongo, wakati mtu anausubiri.

Siri ya pili ni violini. Patrik Juslin na Petri Laukka mwaka 2003 walikusanya tafiti nyingi sana za sauti za watu wanaoongea na tafiti za muziki, wakaweka sambamba, na zikalingana: mtu mwenye huzuni anaongea polepole, chini chini, sauti haipandi sana, na muziki wa huzuni unafanya hayo hayo. Violini inateleza kutoka noti hadi noti bila kukatika, inatetemeka, inapungua nguvu mwishoni mwa sentensi, yaani ina tabia zote za koo la mtu isipokuwa maneno. Sherry anaijua hiyo kazi. Sikiliza Song from a Secret Garden, piano inatangulia peke yake, inatandika, alafu violini inaingia na melodia iliyo rahisi kiasi kwamba mtoto angeweza kuiimba, wala haifanyi mbwembwe. Mpiga violini ambaye amekaa miaka kwenye okestra ya redio ya taifa ya Ireland angeweza kukuonyesha vidole vyake vina kasi gani, hafanyi, anakaa kwenye noti moja ndefu na kuijaza. Kwa mtu wa Unguja hii wala haimshangazi, fidla za taarab zinafanya kazi ya kulia na kubembeleza hivyo hivyo, ukisikiliza bashraf, zile za ala tupu za kufungulia onyesho, utakubaliana na mimi kwamba watu wa pwani wamejua siku nyingi nyuzi zinaweza kusema jambo bila mwimbaji.

Na hilo la kukosa maneno ndo naliona kubwa kuliko yote. Wimbo wa mapenzi ukikuambia ameniacha, unakuwa na huzuni ya huyo aliyeachwa. Huu muziki haukuambii nani kafanya nini, haina mwenyewe hiyo huzuni, kwaiyo we unaweka ya kwako. Mmoja anamuweka mama yake marehemu, mwingine nyumba waliyohama, mwingine wala hajui anachokikumbuka. Liila Taruffi na Stefan Koelsch wa Berlin waliuliza watu 772 kuhusu muziki wa huzuni, majibu wakayachapisha 2014, na hisia iliyotajwa zaidi haikuwa huzuni. Ilikuwa ile hali ya kukumbuka ya zamani kwa utamu na uchungu kwa pamoja. Ukiangalia hivo, kutulia hakushangazi tena, maana hakuna kibaya kinachokupata saa hiyo, hujafiwa leo, hujafukuzwa kazi leo, umekaa salama na una nafasi ya kulitazama jambo ambalo siku za kawaida unalikimbia. Wengine hata lugha wanaitengeneza isiyo na maana makusudi, mtunzi Karl Jenkins kwenye mradi wake wa Adiemus mwaka 1995 aliandika silabi tupu zikaimbwa juu ya okestra kwa mtindo wa kwaya, na mtunga mashairi wa Enya, Roma Ryan, alibuni lugha nzima kwa ajili ya albamu ya 2005. Unasikia mtu anaimba kwa moyo wote na huna neno hata moja la kushikilia, unabaki na sauti tu.

Watu wa klasiki huu muziki wanaudharau, sio siri. Wanasema ni mwepesi, unajirudia, hauna mapambano. Chukua Adagio, kipande cha polepole cha nyuzi cha mtunzi Mmarekani Samuel Barber, ambayo kiongozi wa okestra Toscanini aliipigisha kwa mara ya kwanza New York mwaka 1938, ile inapanda, inapanda, mpaka violini zinafika juu kabisa zinapiga ukelele, alafu kimya kinakata kila kitu. Pale unaachwa uchi. New Age ya okestra haikufanyii hivyo hata siku moja, kilele chake ni okestra nzima kuingia na pengine kupandisha ufunguo hatua moja, yaani muziki wote unahamia juu kidogo, alafu inakurudisha chini mpole mpole. Nakubali kabisa ni vitu viwili tofauti, nakubali pia kwamba sokoni kuna takataka nyingi, violini za kinanda zimebandikwa juu ya mawimbi ya bahari, noti nne zinazunguka kwa muda wa masaa manane. Lakini kusema muziki ni duni kwa sababu umeamua kumfikisha mtu salama, hapana, hapo siwezi kukubaliana. Nocturne yenyewe ni jina la kale, vipande vya piano vya usiku, na aliyeanzisha mtindo huo ni John Field, mzaliwa wa Dublin hiyo hiyo, kabla mtunzi Chopin hajauchukua na kuukuza. Ukiongeza zile melodia za polepole za Kiirish ambazo hazifuati mapigo, ukaongeza majonzi ya Grieg, mtunzi wa Norway wa kule Bergen, utaona Løvland na Sherry wametoka mbali, hawakuokota kitu kwenye duka la masaji. Albamu yao ya kwanza ilikaa kwenye ile chati ya Billboard kupita wiki 100, mwaka 1996 na 1997, bila kiitikio cha mtu kuimba bafuni.

Na kama unadhani hii miziki haijafika kwetu, imefika, labda hukujua tu imetoka wapi. You Raise Me Up, ambayo Afrika Mashariki tunaijua zaidi kwa Westlife ya 2005, inayoimbwa kwenye harusi, misiba, mahafali, makanisani, hiyo ni kazi ya Secret Garden. Ilianza kama melodia ya ala tupu ya Løvland, haina neno, ndipo Brendan Graham wa Ireland akaiandikia maneno na wakaitoa 2002, Brian Kennedy akiimba. Kabla ya hapo ilikuwa imeshapigwa kwa mara ya kwanza kwenye mazishi ya mama yake Løvland. Josh Groban akaichukua 2003, Westlife baadae. Ukitaka kuona ninachosema kuhusu maneno, sikiliza Westlife leo, alafu sikiliza mtu akiipiga kwa violini tu, uone kama unamkumbuka mtu yule yule. Kwa upande wa furaha kuna Baba Yetu ya Mmarekani Christopher Tin, sala ya Bwana kwa Kiswahili juu ya okestra, aliitunga kwa ajili ya gemu ya kompyuta mwaka 2005 na mwaka 2011 ikashinda Grammy, ya kwanza kwa muziki uliotungiwa gemu. Hiyo sio New Age na haina majonzi, ila imefungulia watu wengi wa kwetu mlango wa okestra.

Ukitaka kuanza, mi ningekuambia Song from a Secret Garden kwanza, alafu Nocturne, alafu One Man's Dream na Nostalgia za Yanni kutoka kwenye onyesho lile la Athens, ukimaliza hapo ndo uende Enya, albamu ya Watermark yote kwa mpangilio wake. Tumia hedifoni za kawaida kuliko spika ya simu, maana chelo na besi zote zinapotea kwenye spika ya simu na besi ndo inayobeba zile sauti za chini zinazobadilika chini ya melodia. Na zima ile kitu ya kujiendesha yenyewe kwenda wimbo unaofuata. Mwaka 2006 Luciano Bernardi na wenzake walipima mapigo ya moyo, pumzi na presha za watu wakiwa wanasikiliza miziki ya aina mbalimbali, katikati wakawawekea kimya cha dakika 2 bila kuwaambia, na watu walitulia zaidi kwenye kile kimya kuliko hata walivyokuwa wametulia kabla muziki haujaanza. Kwaiyo Nocturne ikiisha, iache iishe, usiwahi kubonyeza.